Kilua na Mikono Mitatu Mlangoni

Hapo zamani, kabla hujazaliwa wewe unayeguna hapo nyuma, na kabla babu yako hajajua kujifunga shuka, palikuwa na mji unaitwa Mbweleni, na katika mji huo palikuwa na bibi arusi aliyeshindwa kukaa kitako.

Alikuwa chumbani, nyuma ya mlango. Anainuka, anaketi. Anainuka, anaketi. Hina haijamkauka vizuri, tayari ameshaipaka ukutani. Jina lake Kilua. Uani alikuwa anamngoja bwana arusi wake, Faki mchoma chokaa, kijana aliyesugua kucha kwa ndimu tangu asubuhi na bado zilikuwa nyeupe. Kilua alimtaka Faki. Alimtaka hasa. Aliwakataa wenye mashamba na wenye ng'ombe kwa ajili ya kucha hizo.

Basi mbona hatoki?

Tulieni, nawajia. Mbweleni walikuwa na desturi yao. Msichana akiolewa, hatoki chumbani mpaka aitwe jina lake, na anayemwita ni mmoja tu: yule aliyempa jina hilo. Huyo ndiye somo yake. Bibi arusi huitika "Bee!", hufungua mlango, hushika mkono wa somo, na kuanzia hapo somo ni mama wa pili. Atakaa naye fungate yote. Binti wa kwanza atakayezaliwa, somo ndiye atakayempa jina. Na ikiwa jua litafika mapaani bibi arusi hajatoka, waoaji hukunja mikeka yao wakaenda zao, wala hawarudi tena. Ndivyo walivyokuwa watu wa Mbweleni, wagumu kama kokwa.

Siku hiyo jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na mlangoni walisimama wanawake watatu, kila mmoja anasema: jina nimelitoa mimi.

Sasa rudini nyuma pamoja nami, hadi Kilua alipozaliwa.

Alizaliwa analia. Utasema wote huzaliwa wanalia. Huyu hakunyamaza! Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia mpaka kuku wa jirani wakahama. Msidhani natia chumvi. Walihama, na jogoo ndiye aliyetangulia.

Watu wa Mbweleni walijua maana yake. Mtoto anayelia namna hiyo anadai jina. Lipo jina lake mahali, na hatulii mpaka alisikie. Basi Bi Mwaka, shangazi yake, dada wa baba yake, akambeba begani akaanza kumtajia. Akataja majina ya marehemu wa upande wa baba. Mtoto analia. Akataja ya upande wa mama. Mtoto analia. Akataja jina la mwanamke aliyewahi kuazima kinu asionekane tena. Mtoto analia. Sauti ikaanza kumkauka, ziwa la mama akawa halishiki, na mama yake, Mize, akawa hamtazami tena mwanawe, anatazama ukuta.

Mchana mmoja, muuza maua akapita nyuma ya nyumba. Huyo ni Bi Kazija, ungo kichwani, anauza maua ya kufunga vikuba, vile vishada wanavyojipachika wanawake kifuani.

"Rehaniii!"

Mtoto analia.

"Asuminiii!"

Mtoto analia.

"Kiluaaa!"

Kimya. Kimya hata wa ndani wakadhani mtoto kafa, wakaanza kupiga mayowe. Ni Bi Mwaka peke yake aliyeelewa. Alimnyakua mtoto akatoka mbio, kichwa wazi, miguu mitupu, anamfukuza muuza maua.

"We mama! Hebu rudia!"

"Nirudie nini?"

"Maua yako! Yataje!"

"Rehani..."

Mtoto akaangua kilio.

"Siyo hilo!"

"Asumini..."

"Siyo, nimekwambia!"

"Basi kilua, nisikuudhi."

Mtoto akanyamaza, akamtazama Bi Kazija, akapiga mwayo. Na Bi Kazija hakufika sokoni siku hiyo. Aliketi barazani akiimba neno hilo moja mpaka mtoto akalala, na maua yake yote yakanyauka ungoni.

Jina likawa Kilua. Hakuna aliyekumbuka kumsikia binadamu anaitwa hivyo. Kwani kilua ni kitu gani? Ni kijiua kigumu, rangi yake si kijani si njano, ukikipita mtini hukioni. Lakini kipachike nyweleni asubuhi, na hadi alasiri watu watageuka njiani waulize nani kapita hapa.

Mwanzoni watu walicheka. Halafu wakawaza: jina linalonyamazisha mtoto, nani asiyelitaka? Kila aliyejifungua binti mlizi akamwita Kilua. Wakajaa mji. Kisimani Kilua, chuoni Kilua, juu ya mpera wa jirani Kilua anaiba mapera. Hata waliozaliwa wapole wakaitwa Kilua, wasije wakabadilika.

Ndiyo maana siku ile ya arusi, dada yake Faki, mwenye haraka zake, alipopayuka uani, "Kilua, toka bwana, wali unapoa!" alijibiwa na mji mzima.

"Bee!" "Bee!" "Bee!"

Ndani, Kilua wa kwanza akauma pindo la kanga. Vitoto vyote vinaitika jina lake, na mwenyewe haruhusiwi. Akainuka. Akaketi.

"Nipisheni nimwite mwanangu," alisikia sauti ya Bi Mwaka. "Maneno yalipita njiani, na nyumba ilijaa masikio. Nani alisikia? Mimi. Wenzangu walikuwa wanatafuta sanda. Nani alikimbia na miba ikamwingia? Mimi. Jina lisiloshikwa ni upepo. Nililishika mimi."

"Ungeshika nini kama mimi nimefumba mdomo?" Bi Kazija akamjia juu. "Ulitaja makaburi yote ukamaliza. Hukulijua! Neno limetoka kwenye kinywa changu hiki."

"Wewe ulikuwa unauza maua, shoga, hukuwa unampa mtu jina."

"Mara ya kwanza nilikuwa nauza. Na pale barazani mpaka jioni, nilikuwa namuuzia nani? Nzi?"

Watu wakacheka. Kilua naye nusura acheke, ila aliona mwanga chini ya mlango umegeuka rangi. Akashika komeo. Akaliachia.

Ndipo ikasikika bakora ikigonga sakafu. Alikuwa Bibi Mwanamkuu, mama yake Mize, bibi aliyemlea Kilua mapajani, mwanamke ambaye maneno yake kwa siku yangeenea kwenye kifuu.

"Jina ni langu," akasema.

"Lako vipi, bi mkubwa?" akauliza Bi Mwaka. "Wewe si Mwanamkuu?"

"Mwanamkuu nilipewa ukweni. Kwetu nilizaliwa na jina hilo hilo la mjukuu wangu. Nilipoolewa walinicheka, ati mtu gani anaitwa ua la kupachika kichwani. Mume wangu akanilisha yamini: nisilitamke tena jina lile maisha yangu. Mjukuu wangu alipolia, nilijua tangu mwanzo analilia nini."

Hata vile vikilua vikasogea kumtazama.

"Ulijua!" Bi Mwaka akashika kiuno. "Mimi nakimbizana na majina ya wezi wa vinu, na wewe dawa umeifumba mdomoni, na mtoto anakauka koo!"

"Mume alikufa, mwanangu. Yamini haikufa. Nilikaa nikitetemeka, naogopa yamini, namwogopea mtoto. Mwisho nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikamfuata muuza maua, nikamwomba apite nyuma ya nyumba hii, atangaze na ua nililomwonyesha. Mwulizeni."

Macho yote kwa Bi Kazija. Akakohoa.

"Ni kweli. Njia ile sikuwa nikiipita, ina mbwa. Bibi mmoja aliyejifunika uso alinipa sahani ya visheti, akagusa kilua ungoni, akaniambia, hili ulitangaze kwa sauti. Sikujua ni nani hadi leo. Lakini visheti havinyamazishi mtoto, jamani! Kilichomnyamazisha ni mdomo wangu!"

"Na bila mbio zangu ungeshafika sokoni!" akasema Bi Mwaka. "Na wewe bi mkubwa, ungeendelea kutetemeka!"

"Na bila mimi," akasema Bibi Mwanamkuu polepole, "mngekimbia na nini?"

Mize akajifunika ushungi. Atasema nini? Mmoja mama yake, mwingine wifi yake, na wa tatu alimlalishia mwanawe mchana ule.

"Jamani, jua!" Sauti ya Faki hiyo, imepasuka. Na nyuma yake Kilua akasikia mkeka wa kwanza unakunjwa. Kisha wa pili.

Akawaza. Bi Mwaka, aliyemtumbua majipu na kumfundisha kusonga ugali. Bi Kazija, aliyemletea ua moja kila Ijumaa, tangu hajaota meno. Bibi yake, ambaye usiku na mchana alimwita "mjukuu wangu" tu, na Kilua miaka yote alidhani bibi halipendi jina lake.

Nje sauti tatu zikaita kwa pamoja, moja ya ukali, moja ya kuimba, na ya tatu nyembamba, ya mtu anayelitamka neno hilo mara ya kwanza tangu usichana wake:

"Kilua!"

"Bee!" akajibu, akavuta komeo.

Mbele yake mikono mitatu imenyooshwa. Mmoja wa aliyesikia. Mmoja wa aliyetamka. Mmoja wa mwenye jina. Jua limeshalamba makuti ya paa, Faki amesimama na kucha zake nyeupe, mkono wa Kilua uko hewani, na ni mkono mmoja tu anaoweza kuushika.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, semeni upesi kabla mikeka haijaisha kukunjwa: je, nani alistahili kushikwa mkono?