Robo Saa ya Badi

"Mwenye mbio hutua mara mbili." Mmeisikia mazikoni leo, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Si ya mababu hii. Wao ndege waliishia kuitazama kwa shingo tu. Methali hii ilianza hivi.

Badi Athman alikuwa Johannesburg kwenye biashara yake ya vitambaa, simu ikalia alfajiri kutoka Mombasa. Baba amefariki, atazikwa leo baada ya alasiri. Badi ndiye kifunguamimba, na mzee alikuwa ameusia kwamba huyo ndiye aingie kaburini ampokee. Ndege ya abiria ilikwishajaa. Uwezo alikuwa nao, akaenda kukodi jeti.

Zilikuwapo mbili. Rubani, Mgiriama mmoja aitwaye Chengo, hakumficha kitu.

"Hii ndogo ina mbio, ila tumbo lake dogo. Lazima ishuke njiani inywe mafuta. Ile kubwa haina haraka, lakini inakwenda mpaka Mombasa bila kugusa chini."

"Kujaza mafuta ni muda gani?"

"Nusu saa, wakiwa tayari."

Badi akapiga hesabu kwa vidole. Hata pamoja na nusu saa hiyo, ndogo ingetangulia kwa robo saa.

"Robo saa ni robo saa. Tupande hii."

"Haya, bwana. Mwenye msiba ni wewe."

Na kweli ilikimbia, mawingu yakabaki nyuma. Saa sita na nusu wakatua kwenye kiwanja kidogo cha pwani. Gari la mafuta lilikuwa kivulini, limefungwa. Askari wa lango akawajia taratibu.

"Mwenye ufunguo yuko wapi?" Badi akauliza.

"Msikitini. Leo Ijumaa, ndugu yangu. Na kofia yako hiyo, hukujua?"

Tangu alfajiri Badi alikuwa amehesabu kilomita, saa na mafuta; siku hakuihesabu. Na amfokee nani? Sala ile alifundishwa na marehemu mwenyewe, akishikwa mkono kupelekwa.

Nusu saa baadaye Chengo, aliyekuwa akisikiliza redio ya ndege, akatoa kichwa dirishani. "Ile kubwa iko juu yetu sasa hivi. Watalii wameikodi, wanakwenda Mombasa."

Badi akatazama juu. Hakuiona, aliisikia tu ikipita, polepole, haina habari naye.

Mwenye ufunguo alirudi saa nane, akajaza mafuta mbiombio alipoambiwa kuna msiba. Badi alipofika makaburini, watu walikuwa wanakung'uta mchanga mikononi.

"Tulikungoja mpaka jua likatuchoka, mwanangu," akasema ami yake, Mzee Shekue.

"Nani alimpokea, Ami?"

"Jirani."

"Nilichukua ile yenye mbio."

"Ikawaje?"

"Ilitua njiani."

Mzee Shekue hakumlaumu. Alimshika bega, wakasimama pamoja mbele ya udongo mbichi, kisha akasema kama anayejisemea mwenyewe, na waliokuwa wakiondoka wakalichukua neno lake mpaka majumbani:

"Mwenye mbio hutua mara mbili."