Kwa Nini Kopo la Maharage Huongezwa Konzi

Kaeni vizuri, na wewe unayecheka huko nyuma, cheka ukishasikia. Zamani, kabla kopo halijafika sokoni, maharage yalipimwa kwa konzi ya muuzaji. Mwenye mikono mikubwa alineemeka, mwenye midogo aliambulia kufukuza nzi. Hata mchumba alitazamwa viganja kwanza, uso baadaye.

Nyamizi, mjane aliyeuza maharage, alijaliwa mikono midogo kama ya mtoto. Wateja walimpita wakaenda kwa jirani yake Holo, ambaye konzi yake moja ilijaza kibakuli. Maharage ya Nyamizi yakaanza kubunguliwa, na msimamizi wa soko akamwambia, "Wiki ikiisha hujauza, meza hii nampa mwingine." Maskini, alilia pale pale mbele ya watu. Meza ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe.

Asubuhi ya siku ya mwisho, msafiri mmoja alikula samaki wa kopo karibu na meza yake, akalitupa kopo. Nyamizi aliliokota, akazigonga kingo zake kwa jiwe zisimkate, akalisugua kwa majivu mpaka harufu ya samaki ikaisha. Kisha alimwomba Holo, ambaye hakuwa na choyo, apimie humo konzi zake mbili. Zikajaa hadi ukingoni.

"Anayetaka konzi mbili za Holo, kopo hili hapa!" akatangaza.

Watu walikusanyika, ila hakuna aliyefungua mfuko. Bibi Minza, mnunuzi wa siku nyingi, alilishika kopo, akaligeuza, akanuna.

"Mjukuu wangu, kipimo nimekiona. Lakini bati halinijui. Holo akinichotea, najua nimepewa na mtu. Wewe umenipa nini?"

Nyamizi alilichukua tena kopo. Akammiminia kopo zima, halafu akachota konzi yake, ile ile iliyochekwa na soko zima, akaiongeza juu.

"Na hii, bibi, ni yangu mimi."

Bibi Minza akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapo sasa umenipa!"

Kufikia adhuhuri meza ilikuwa tupu. Holo naye alitafuta kopo lake, ila nyongeza ya mkono wake nusura imfilisi.

Na tangu siku hiyo, kopo likishamiminwa, mnunuzi haondoki. Anaacha mfuko wazi, anamtazama muuzaji mikononi. Naye muuzaji, hata awe amenuna vipi, mkono unarudi wenyewe kwenye maharage.