Godoro la Kemilembe

"Heri ikiwahi, hailazwi nje." Mmeisikia jana harusini, na leo mwataka kujua ilitoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Ni methali changa, na wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa. Ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Bukoba aliishi mkulima wa kahawa, Ta Byabato, aliyempenda binti yake Kemilembe kuliko alivyojua kusema. Kemilembe alikwenda chuo kikuu kusomea kilimo, masomo ya miaka minne. Alipokuwa mwaka wa tatu, ng'ombe wa baba yake akazaa, na Ta Byabato akamtenga ndama yule: angekua taratibu, mwakani achinjwe siku ya sherehe ya kuhitimu kwake.

Lakini tangu aende chuo, binti haji likizo. Likizo ya kwanza alisema ana masomo, ya pili vivyo hivyo, ya tatu baba hakuuliza tena. Alijiambia kimoyomoyo kwamba mji umemnogea mwanawe, na sasa anaona haya ya kwao.

Mwaka wa tatu ulipokwisha, asubuhi moja pikipiki ikaingia uani. Kemilembe akashuka na sanduku, ndoo, na godoro lililoviringishwa. Ta Byabato akaliona lile godoro. Anayekuja likizo na kurudi chuoni habebi godoro! Tena mwaka uliotangulia Projestus, mtoto wa jirani, alirudi akidai amehitimu. Watu wakala, wakacheza, kumbe kafukuzwa. Kijiji kilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Shikamoo, Baba," alisema Kemilembe akipiga goti. "Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Miaka minne imeisha kwa mitatu?" Salamu hata hakuiitikia. "Mizigo hiyo ikae hapo hapo. Haivuki kizingiti changu mpaka nijue umefanya nini."

Manyunyu yakaanza kudondoka juu ya godoro. Bibi Nyangoma, mama yake Ta Byabato, akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Mtoto kakwambia kamaliza, nawe unamwacha anyeshewe?"

"Mama, huenda ni aibu hiyo."

"Muulize basi. Mdomo si anao?"

Kemilembe akasimama. "Baba, likizo zile zote nilikuwa darasani. Wenzangu wakienda kwao, mimi nasoma masomo ya mwaka wa mbele. Chuo kinaruhusu, ukiweza. Sikukwambia kwa kuwa niliogopa kukuahidi halafu nishindwe."

Akampigia simu mwalimu wake, akafungua sauti wote wasikie, akampa baba yake simu.

"Hongera sana, mzee!" ilisema sauti. "Binti yako kawaacha wenzake mwaka mzima nyuma, na daraja la kwanza kalipata. Mahafali ni Novemba. Usikose kuja kumpigia makofi."

Simu ilikatika, Ta Byabato bado kaishikilia.

"Kumbe hukutukimbia," alisema taratibu.

"Niwakimbie niende wapi, Baba? Kila nilipowaona wenzangu wakifunga mizigo, nililia."

Ta Byabato akaliendea godoro. Aliliinua godoro kwa mikono yake miwili, akaliingiza ndani, akalitandika mwenyewe. Alipotoka, macho yamemwiva, lakini uso unacheka. Kisha akakumbuka jambo, akajikuna kichwa.

"Sasa sherehe je? Ndama hajaota hata pembe. Ndizi za pombe hazijavundikwa. Labda tungoje mwakani, kama tulivyopanga."

Bibi Nyangoma alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe mtoto! Heri imekujia mlangoni: umeingiza godoro lake tu, yenyewe bado unaiambia ingoje mwaka? Heri ikiwahi, hailazwi nje! Kata hizo hizo ndizi mbichi, tupike leo."

Zikakatwa. Kufikia alasiri ua ulikuwa umejaa watu, ndizi na maharage vikitokota. Hata Projestus alikuja, ameinamisha uso. Kemilembe akamshika mkono, akampa ngoma, naye akaipiga kama aliyesamehewa na dunia nzima. Ta Byabato alicheza hadi kiatu kimoja kikamtoka, kikapotelea migombani.

Jirani mmoja, sahani mkononi, akamtania: "Ta Byabato, sherehe ya shahada bila kipande cha nyama! Ungesubiri ndama akue, bwana."

Ta Byabato akamtazama binti yake aliyekuwa akizungushwa na wanawake katikati ya vigelegele. Akajibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Heri ikiwahi, hailazwi nje!"