Blogu ya Mama Ngeti na Jina la Mtoto

Tulieni kidogo niwape kesi. Mimi nimeipindua huku na huku imenishinda. Labda ninyi mtaiweza.

Huko Wundanyi, juu kwenye vilima vya Taita, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Wakesho, ambaye wengi walimwita Mama Ngeti. Kipawa chake kilikuwa kuandika. Jambo ambalo daktari angekueleza mpaka ukatoka umechanganyikiwa, yeye aliliandika kwa maneno mepesi, ukalielewa huku unakoroga uji.

Wa pili ni Wawuda, mdogo wake. Kipawa chake kilikuwa kutunza. Redio ya marehemu baba yao ilikuwa bado inalia nyumbani kwake, na ukimwazima kitabu alikurudishia kimewekwa jalada jipya.

Wa tatu ni Mghoi, jirani yao mwenye saluni. Kipawa chake kilikuwa sauti. Hata akisoma tangazo la mkutano wa maji, watu walinyamaza wakasikiliza.

Sasa, mtoto wa Wakesho, huyo Ngeti, alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowatesa watoto kwa maumivu ya mifupa na kuwapunguzia damu. Wakesho alihangaika naye kliniki hadi kliniki, na kila alichojifunza alikiandika kwenye blogu. Aliandika jinsi ya kumnywesha mtoto maji asiyoyataka. Aliandika cha kumwambia mwalimu mkuu. Aliandika pia jinsi ya kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, ili kujua kama bandama imevimba. "Ukiikuta imevimba na mtoto amepauka," aliandika, "usingoje kupambazuke. Beba mtoto, nenda hospitali."

Kina mama walisoma, wakauliza maswali, naye akawajibu.

Kisha siku moja Ngeti akaanza kukohoa. Wakesho aliona ni kifua cha kawaida. Alijua mengi mno, ndiyo shida. Akampa dawa aliyokuwa nayo, akamfunika blanketi, akasema wataangalia hali kesho. Kesho yake walipofika hospitali, mapafu yalikuwa yameshajaa. Ngeti hakurudi nyumbani.

Baada ya mazishi Wakesho alimwita mdogo wake chumbani.

"Wawuda, wewe ndiye unayejua mambo ya mitambo. Ifute ile blogu."

"Dada, ngoja kwanza upoe."

"Ifute! Niliwaambia watu wasingoje, halafu mimi mwenyewe nikangoja. Nitamfundisha nani tena? Nisije nikamuulia mtu mtoto wake."

Siku chache baadaye akauliza, "Umeifuta?"

Wawuda akamtazama dada yake usoni, akasema, "Nimeifuta."

Hakuwa ameifuta. Mkono ulikataa. Picha ya Ngeti akicheka ilikuwa pale juu kabisa, na Wawuda hakuweza kumwondoa mtoto duniani mara ya pili. Miaka ikapita. Watu wakahamia kwenye video fupi, na vijana wakawa wanacheka ukiwaambia kuna mtu bado anasoma blogu. Kampuni iliyowapa nafasi ya bure mtandaoni ikafunga huduma, na Wawuda akahamisha makala moja baada ya nyingine kwenda mahali pengine, kimyakimya, akilipia mwenyewe. Kitu kimoja tu hakukiweza. Wasomaji walizidi kuuliza maswali, naye hakuwa na majibu, wala hakuthubutu kumuuliza dada yake. Mmoja aliandika, "Mama Ngeti, bado upo?" Wawuda alisoma, akazima simu, akashindwa kula.

Na Mghoi? Mghoi alikuwa msomaji wa blogu ile tangu zamani. Siku moja, kukiwa hakuna mteja saluni, alijirekodi akisoma yale maneno ya bandama, akayatuma kwenye mitandao. Yakaenda kama moto wa nyika. Watu wakaanza kumwita daktari wa kina mama, akaalikwa makanisani na kwenye vikundi vya akina mama. Hakuwahi kusema, "Maneno haya si yangu." Mwanzoni alisahau. Baadaye aliona aibu kusema, kwa sababu alikuwa amechelewa. Kila alipokutana na Wakesho sokoni, alijifanya anachagua nyanya.

Sasa sikilizeni.

Huko Kinango, mbali na vilima vya Taita, alikuwepo mama mmoja, jina lake Umazi. Alisikia sauti ya Mghoi kwenye simu ya shemeji yake, mara moja tu, na ikakatika katikati. Muda mrefu baadaye mwanawe Mwero, naye mwenye selimundu, akalegea ghafla, midomo myeupe, tumbo limejaa. Umazi akakumbuka kwamba kuna mwanamke aliyezungumzia tumbo la kushoto. Alisema nini? Akaitafuta ile rekodi, hakuiona, ilikuwa imeshazikwa chini ya video nyingine. Basi akaandika kwenye simu maneno machache aliyoyakumbuka, na blogu ya Mama Ngeti ikafunguka.

Akapapasa. Bandama ilikuwa pale, ngumu chini ya vidole vyake. Hakungoja. Alimbeba Mwero hadi barabarani, akasimamisha lori la mchanga. Hospitalini mtoto akaongezewa damu, na daktari akamwambia, "Mama, ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Umazi aliandika shukrani zake kwenye blogu na kuacha namba ya simu, na Wawuda akampigia, akamweleza kwamba yeye ni mtunzaji tu, na kwamba mwenye sauti ni jirani yao. Wakati huo alikuwa mjamzito. Alipojifungua salama mtoto wa kike, alimpigia Wawuda: "Nakuja kuwaona. Wewe, aliyeandika, na yule mwenye sauti."

Hapo Wawuda hakuwa tena na pa kujificha. Alikwenda kwa dada yake akakaa chini sakafuni.

"Dada, nilikudanganya."

Wakesho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Picha yake ipo?"

"Ipo."

Wakesho akalia kwa namna ambayo Wawuda hakujua kama amesamehewa au amelaaniwa.

Umazi alifika na Mwero akitembea kwa miguu yake, na kichanga mgongoni. Mghoi naye aliitwa, akaja huku ameinamisha kichwa. Walipokwisha kunywa chai, Umazi akasema:

"Kwetu mtoto hupewa jina la ukoo. Lakini mume wangu amekubali, na wazee wamekubali, huyu achukue jina la aliyemwokoa kaka yake. Kesho kutwa wanakutana kumpa jina. Niambieni, aitwe nani?"

"Si mimi," Wakesho akasema. "Mimi niliyaandika nikashindwa kuyafuata. Mtoto wangu yuko chini ya udongo. Utampa binti yako jina la mama wa namna hiyo? Mwite Wawuda. Mimi nilitaka yafutwe."

"Usimpe jina langu," Wawuda akadakia. "Mimi nilimdanganya dada yangu akiwa kwenye msiba. Na kuna kina mama waliouliza nikawaacha hivyohivyo. Sijui watoto wao wako wapi. Bila sauti ya Mghoi, huyu dada asingejua hata cha kutafuta."

Mghoi alikuwa analia waziwazi. "Mimi ni mwizi. Nilivaa nguo ya mwenzangu nikapigiwa makofi nayo. Mama Ngeti, nisamehe. Jina ni lako."

Umazi akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nimekuja kushukuru," akasema polepole, "mbona nimekuwa kama nimeleta mashtaka? Mimi sikuuliza nani hana kosa. Nimeuliza mwanangu aitwe nani."

Wakesho alinyoosha mikono, akampokea yule kichanga, na bila kufikiri vidole vyake vikaenda kwenye tumbo dogo upande wa kushoto. Palikuwa laini.

Umazi alirudi Kinango bila jina, na wazee wanamngoja.

Basi hiyo ndiyo kesi. Maneno yasingeandikwa, Wawuda angetunza nini? Yasingetunzwa, Umazi angesoma nini? Yasingesomwa kwa sauti, angejuaje kwamba yapo? Mmoja aliandika na hakutenda, mmoja alitunza kwa uongo, mmoja alieneza kwa wizi, na Mwero yuko hai. Wewe uliyenisikiliza, wazee wakikugeukia kesho kutwa, yule binti utamwita nani?