Utepe wa Kijani

Wapendwa, najua mmechoka. Wengine mmetoka shambani moja kwa moja, wengine mna watoto waliolala magotini. Sitawakalisha sana. Nisikilizeni tu habari ya mama mmoja aliyechoka kama ninyi.

Mama huyo aliishi nyuma ya kanisa, ua wake ukipakana na uwanja wa sikukuu ya mavuno. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamemkauka mapema, kwa hiyo mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Huko kwao ilikuwa desturi kila mwanamke kuleta sahani zake kwenye sikukuu. Chini ya sahani aliweka alama kwa rangi ya kucha, huyu nukta, yule msalaba, zisije zikahamia kabatini kwa jirani. Watu walikula, wakashiba, wakaenda kusikiliza kwaya. Kwenye mabeseni walibaki wanawake wachache, walewale wa mwaka uliopita, wakiinamia maji yenye mafuta mpaka viuno vikakataa kunyooka. Mama yule hakukosa hata mwaka mmoja.

Basi wanawake walipokutana kupanga sikukuu, akasema, "Dada zangu, mwaka huu mnisamehe. Siwezi kuosha."

"Kwa hiyo tule viganjani?" akauliza mwenyekiti wao, na wenzake wakacheka.

"Pilau tuifunge kwenye nailoni, kila mtu apewe yake," akajibu mama yule. "Akila anatupa, kwisha."

"Anatupa wapi?" akauliza bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele.

"Bibi nawe. Upepo utajua pa kupeleka."

Wakacheka tena, wakakubaliana. Na ili chakula cha Bwana kisionekane kama cha kununua njiani, mama yule alijitolea kukata utepe wa kijani na kufunga kila nailoni kwa fundo zuri la kipepeo. Alikata utepe huo akiwa amekaa karibu na zizi, mtoto mgongoni.

Sikukuu ikafana. Kwa mara ya kwanza mama yule alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akasikiliza kwaya hadi wimbo wa mwisho. Je, ni nani kati yetu atakayemlaumu kwa hilo?

Kesho yake uwanja ulikuwa mweupe kwa nailoni. Kilikuwa kiangazi, majani yalikuwa haba, na zile nailoni zilinukia mafuta na chumvi. Mama alimfungulia ng'ombe wake, akamwona anatafuna kule uwanjani, anatafuna tu, wala hainui kichwa. Akashukuru moyoni. Leo sina haja ya kwenda kukata majani, aliwaza, akaingia ndani kulala kidogo na mtoto.

Baada ya muda ng'ombe akaanza kuacha chakula. Tumbo likajaa, mbavu zikatoka. Maziwa yaliyokuwa yakijaza kibuyu yakawa ya kikombe, kikombe kikawa cha kulamba. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba. Akaitwa bwana mifugo, akampapasa ng'ombe ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ana kitu tumboni kisichoshuka. Umempa nini?"

"Majani tu, baba. Majani na maji."

"Mchinjeni kabla hajafa mwenyewe."

Wakamchinja. Mchinjaji alipopasua tumbo akavuta bonge kubwa kama mto wa kulalia, nailoni zimesokotana, ngumu. Na katikati ya bonge hilo kulikuwa na utepe wa kijani, fundo lake la kipepeo bado limekaza.

Mama yule alikaa chini palepale, mtoto mapajani. Mzee mmoja wa kanisa akamwendea kumfariji.

"Pole, mwanangu. Ni mapenzi ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu, mzee," akasema taratibu. "Fundo hili nimelifunga mimi." Akampangusa mtoto kamasi. "Lakini nikuulize, na usinikasirikie. Miaka yote ile nilipokuwa naosha, wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akajibu, "Nilikuwa mezani, mama. Nilikuwa nasubiri chai."

Wapendwa, ng'ombe yule aliuawa na nani? Ni rahisi kusema aliuawa na nailoni. Ni rahisi zaidi kusema aliuawa na mama aliyechoka. Lakini nailoni haikuja yenyewe. Iliitwa na uchovu wa wachache, na ule uchovu ulitokana na sisi wengine tuliokula, tukajifuta midomo, tukaondoka tukiimba. Tunamshukuru Mungu kwa mavuno, kisha tunamwachia uwanja wake katika hali ambayo hakuna mtu angeiachia sebule ya mkwewe. Na tukiambiwa turudishe sahani, tunasema kuosha kunachosha. Ni kweli kunachosha. Mzigo wa watu wote ukiwekwa kwenye mgongo mmoja, mgongo huo utautupa popote, na utakapoangukia hatujui mpaka mtoto alie.

Sikukuu yetu iko karibu. Sitawaomba jambo kubwa, maana hata mimi nimechoka. Kila mtu aje na sahani yake, baba na sahani yake, kijana na sahani yake, na alama yake chini. Ukishamaliza kula, usiangalie nyuma kutafuta dada wa kumpa.

Beseni liko pale.