Mtego wa Shambani kwa Mzee Mbaruku

Mzee Mbaruku alimwambia Kisengo mtegaji mbele ya majirani: "Tega, lakini kila kitakachonaswa shambani kwangu ni changu. Ukikigusa, wewe mwizi."

Wiki nzima kwale walinaswa, na kila alfajiri Mbaruku akawabeba wote.

Siku ya nane kamba nene, si ile ya kwale, ilimnasa mguu yeye mwenyewe, ikamning'iniza kichwa chini.

"Kisengo! Nifungue!"

Kisengo akatokea kwenye mtama. "Nikuguseje, mzee? Umenaswa shambani. Mimi si mwizi."

"Nakuruhusu!"

"Leo tu?"

"Siku zote! Kitakachonaswa chochote ni chako! Nifungue, nakufa!"

Kisengo aliugeukia mtama. "Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" Majirani wale wale wakainuka kutoka mtamani, kila mmoja na sufuria yake ya kupikia kwale.