Binti Aliyehifadhi Upande Mmoja

Wapendwa, leo naingia maabara, nanyi mnifuate. Kulikuwa na binti mmoja wa chuo kikuu, baba yake mfugaji, na ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa imewamaliza ng'ombe wao hadi zizi likabaki tupu. Binti akaapa moyoni kwamba atatafuta dawa. Akakaa mbele ya kompyuta na protini ya kile kijidudu cha ndigana, maana siku hizi kuna programu inayokuchorea kitu kidogo hivyo kikajaa skrini nzima, ukakigeuza huku na huku kama mama anavyogeuza nanasi sokoni kabla hajatoa hela.

Programu hiyo ina kamera yake. Ukipata pembe nzuri unaihifadhi, na ukipotea unabonyeza kitufe, kamera inakurudisha palepale. Pembe unahifadhi nyingi upendavyo. Binti yetu akahifadhi moja. Mbona moja? Kwa sababu ilikuwa tamu. Kwa pale mbele, dawa aliyokuwa akiijaribu ilionekana imekaa mlangoni mwa protini, pale inapofanyia kazi yake, imeziba kabisa, na kila alipoibonyeza moyo wake ulirukaruka.

Mwenzake wa maabara akamwambia, "Dada, hifadhi na ya ubavuni. Na ya nyuma."

"Ya nyuma ya nini? Kule ni vurugu tupu. Hii inajitosheleza."

Siku ya kujieleza mbele ya jopo la maprofesa ikafika. Wakikubali, anaendelea na utafiti. Wakikataa, anafungasha mabegi na kurudi kwenye zizi tupu. Akabonyeza kitufe chake. Picha inapendeza, naye anajiona ameshashinda. Ndipo mama mmoja profesa, miwani puani, akasema, "Hebu zungusha, mwanangu."

Akazungusha. Lo, kwa ubavuni kichwa cha dawa hakikugusa ule mlango hata kidogo. Kulikuwa na pengo unaloliona waziwazi. Kumbe kwa mbele kichwa kilikuwa kimesimama tu mbele ya mlango, mbali nao. Umewahi kuumbuka mbele za watu? Basi unajua alivyojisikia. Mkono ukakimbilia kitufe, arudi kwenye upande wake mtamu.

"Usirudi," profesa akasema. "Endelea kuzungusha."

"Lakini mama, kule nyuma hakueleweki."

"Twende hukohuko."

Akazungusha, machozi yanamlengalenga. Na kule nyuma, katika vurugu ile aliyoidharau, mkia wa dawa ulikuwa umepita upande wa pili, ukazama kwenye tundu ambalo hakuna aliyejua kama lipo, ukashika barabara.

Profesa akainuka, kiti kikaanguka. "Hifadhi hapo! Hifadhi kabla hujapumua."

Binti akahifadhi. Akahifadhi na ya ubavuni, na ya juu, na ya chini, jopo zima limeshaacha meza na kusogelea skrini, wanaongea wote kwa pamoja. Wakamwambia aendelee na utafiti wake.

Mmefurahi, naona. Sasa tulieni, maana hapa ndipo panapouma. Hata sisi tuliomo humu tuna kamera. Shemeji yako ulimhifadhi siku ile alipolewa harusini akamwaga mchuzi juu ya zawadi. Tangu hapo ameacha pombe, amemuuguza mama mkwe hadi mwisho, na bado akitajwa tu unabonyeza kitufe kilekile: "Aa, yule mlevi." Ni uongo? Hapana, alilewa kweli. Picha ni ya kweli na bado inakudanganya, kwa kuwa ni ya upande mmoja. Mumeo umemhifadhi kwenye ugomvi upi? Mwanao aliyefeli, umemtazama upande wa pili lini? Huenda dawa ya nyumba yako imeshika hukohuko usikopenda kutazama.

Nina swali moja, kisha tuombe. Mungu angehifadhi upande mmoja tu wa maisha yako, akawa anaubonyeza huohuo kila unapotajwa mbinguni, ungepata usingizi? Yeye ametuona pande zote, hata ule tunaoficha, na bado anatuita wanangu. Basi leo ukifika nyumbani, kabla hujanawa mikono ukae mezani, kamtazame yule mtu kwa upande ambao hujawahi kuuhifadhi.